Pikapu Mbele, Karavani Nyuma: Namna ya Kufunga Umeme Unaokwenda na Kurudi

Fundi wa pembeni mwa barabara anaweza kukuunganishia taa za karavani kwa nusu saa. Atachuna waya wa taa ya nyuma ya pikapu, atazungushia waya mwingine, atapiga tepu nyeusi, na taa zitawaka. Shida huanza baadaye. Ukishapita kilomita kadhaa za barabara ya vumbi, au mvua moja ikishapiga, indiketa ya kushoto inapepesa pamoja na taa za breki, nyama kwenye jokofu inaanza kunuka, na asubuhi pikapu haiwaki kwa sababu karavani imenyonya betri yake usiku kucha.

Mwongozo huu ni wa kuzuia mambo hayo. Umeandikwa kwa mwenye pikapu ya kawaida, Hilux, D-Max, Ranger au ndugu zake, anayetaka kuvuta karavani ya kulala au tela la jiko na kuvipatia umeme njiani. Hata kama kazi utampa fundi, soma mpaka mwisho ili ujue cha kumwagiza na cha kukagua kabla hujamlipa.

## Kwa nini kazi ni mbili, si moja

Karavani inaomba vitu viwili kutoka kwenye pikapu, na havifanani hata kidogo.

Kwanza inaomba taa: taa ndogo za nyuma, breki, indiketa, rivasi na taa ya namba. Hizi ni usalama wa aliye nyuma yako. Zinakula umeme kidogo. Balbu ya indiketa ya wati 21 inavuta chini ya ampea 2.

Pili inaomba nguvu: kuchaji betri ya ndani na kuendesha jokofu. Hapo tunazungumzia ampea 10, 20, hata 30, kwa saa nyingi mfululizo. Waya unaotosha taa hautoshi nguvu, na ukiulazimisha utapata joto, volti zitapotea njiani, na mwisho unaweza kuungua.

Kwa hiyo taa zipewe njia yake na nguvu ipewe yake, kwenda na kurudi. Hapo kwenye *kurudi* ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ndani ya pikapu umeme unarudi kwenye betri kupitia chuma cha bodi na chesisi, ndiyo maana taa nyingi za gari hutosheka na waya mmoja wa chanya na kipande kifupi cha ethi. Karavani haijafungwa kwa bolti kwenye chuma hicho. Imekalia mpira wa kuvutia wenye grisi na kutu, na kuta zake mara nyingi ni mbao na bati jembamba la alumini. Ukitegemea mpira huo uwe njia ya kurudi, taa zitawaka ukiwa umesimama na zitazimika kila gurudumu linapopanda jiwe. Waya wa hasi uwe waya kamili, mnene kama wa chanya, kutoka mwanzo hadi mwisho.

## Jua ulichonacho

Kabla hujanunua hata mita moja ya waya, jibu maswali haya.

1. Pikapu ni ya volti 12 au 24? Pikapu nyingi ni 12. Malori madogo kama Canter kwa kawaida ni 24, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani zilizotoka Japani ni 24 pia. Kuona betri mbili hakutoshi kukupa jibu, kwa maana zinaweza kuwa zimeunganishwa sambamba na kubaki 12. Pima kwa mita. Karavani ya volti 12 ikipewa 24, balbu, pampu na redio vinaungua papo hapo.

2. Altaneta inaongozwa na kompyuta? Washa injini, washa taa kubwa, pima kwenye betri. Altaneta ya zamani inakaa karibu na volti 14.2 muda wote. Magari mapya yana altaneta ambayo kompyuta huishusha hadi karibu 12.5 ili kuokoa mafuta, kisha huipandisha ukiachia mafuta. Kama unaona volti zinapanda na kushuka ukiendesha, kumbuka jambo hili. Litaamua kifaa cha kuchajia.

3. Plagi ya karavani ina pini ngapi? Karavani nyingi zilizotumika zinazoweza kukufikia huku zitakuwa zimetoka Uingereza au Afrika Kusini, nchi ambazo magari hupita kushoto kama kwetu, hivyo mlango unafungukia upande salama. Za Uingereza za zamani zina plagi mbili za pini 7, nyeusi kwa taa, ya kijivu au nyeupe kwa nguvu. Za karibuni zina plagi moja ya pini 13.

4. Ndani ya karavani kuna nini? Andika kila kinachokula umeme, pamoja na aina na ukubwa wa betri.

5. Pikapu inaruhusiwa kuvuta kilo ngapi? Tazama kitabu cha gari na bamba lake. Waya mzuri hauongezi uwezo wa breki wala wa chesisi.

## Ramani ya pini 7

Huu ndio mpangilio wa taa uliotumika Ulaya kwa miaka mingi, ISO 1724:

| Pini | Kazi | Rangi ya waya |
|---|---|---|
| 1 | Indiketa ya kushoto | Njano |
| 2 | Taa ya ukungu ya nyuma | Bluu |
| 3 | Ethi ya taa zote | Nyeupe |
| 4 | Indiketa ya kulia | Kijani |
| 5 | Taa ndogo ya nyuma, kulia | Kahawia |
| 6 | Taa za breki | Nyekundu |
| 7 | Taa ndogo ya nyuma, kushoto, na taa ya namba | Nyeusi |

> TAHADHARI: NYEUSI HAPA SI HASI
> Mafundi wetu wamezoea nyeusi kuwa hasi na nyekundu kuwa chanya. Kwenye soketi hii hasi ni nyeupe. Nyeusi ni chanya ya taa ndogo, na nyekundu inapata umeme pale tu unapokanyaga breki. Ukifunga nyeusi kwenye chesisi, fyuzi ya taa za nyuma itakatika kila unapowasha taa, na utabadilisha fyuzi siku nzima bila kujua kwa nini.

Pini namba 2 usiiamini kabla ya kuipima. Mwenye karavani aliyekutangulia anaweza kuwa ameigeuza kuwa ya rivasi, ya kuchajia betri au ya breki za umeme.

Soketi ya pini 13, ISO 11446, ina pini 1 hadi 7 zenye kazi hizo hizo. Pini 8 ni ya rivasi. Pini 9 ni chanya ya kudumu, na ethi yake ni pini 13. Pini 10 inapata umeme ufunguo ukiwashwa, na ethi yake ni pini 11. Angalia busara iliyomo humo: kila njia ya nguvu imepewa njia yake ya kurudi, na ethi hizo tatu, yaani 3, 11 na 13, hazitakiwi kuunganishwa pamoja upande wa karavani. Fundi akikuambia "ethi ni ethi tu, tuzikusanye bolti moja," mkatalie. Akizikusanya, umeme mkubwa wa jokofu utapata nafasi ya kurudi kupitia waya mwembamba wa taa.

Karavani ya Kimarekani ni habari nyingine. Mara nyingi balbu moja hufanya kazi ya breki na ya indiketa, na plagi ina pini bapa. Usijaribu kuoanisha rangi. Inahitaji kifaa cha kubadilisha mfumo wa taa.

## Vifaa, na jinsi ya kutouziwa uongo

Waya ndio utakaokula pesa yako, na ndio wenye udanganyifu mwingi madukani. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, unaouzwa kama shaba tupu. Chukua kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe. Alumini hupitisha umeme vibaya zaidi na hukatika kirahisi kwenye mtikisiko.

Usitumie waya mgumu wa nyumba. Waya wa uzi mmoja uliotengenezwa kukaa ndani ya ukuta usiosogea utavunjika ndani ya ganda lake, na kwa nje hutaona kitu. Tafuta waya wa gari wenye nyuzi nyingi laini. Kwa njia ya nguvu, waya wa mashine ya kulehemia wa milimita 16 za mraba ni chaguo zuri: ni shaba laini, unapinda vizuri, na unapatikana karibu kila mji.

Utahitaji pia:

- Waya wa milimita 1.5 za mraba kwa taa, na 2.5 kwa ethi ya taa
- Moduli ya tela au relei za taa (maelezo yako chini)
- Fyuzi na vishikio vyake vyenye kifuniko
- Plagi ya Anderson ya ampea 50 kwa njia ya nguvu, jozi moja
- Teminali za shaba na plaizi ya kubania, si nyundo
- Mipira ya kusinyaa kwa joto
- Bomba la plastiki lenye mikunjo la kupitishia waya
- Mita ya umeme, pamoja na balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili kwa ajili ya majaribio

Balbu hiyo usiidharau. Mita inaweza kukuonyesha volti 12 kwenye waya uliobaki na uzi mmoja tu mzima. Balbu haitawaka vizuri kwenye waya huo, kwa sababu inavuta umeme wa kweli.

## Kazi ya kwanza: taa

Kwenye gari la zamani lenye balbu unaweza kuchukua umeme wa taa za tela moja kwa moja kutoka taa za nyuma, ingawa mwendo wa indiketa unaweza kubadilika. Kwenye pikapu mpya usifanye hivyo. Taa zake zinalishwa na kompyuta inayopima umeme unaotoka. Ukiongeza mzigo inaweza kuzima taa, kuwasha onyo kwenye dashibodi, au kuharibika, na kompyuta hiyo ni ghali. Moduli ya tela huchukua ishara ndogo tu kutoka kila taa, halafu hulisha karavani kwa umeme unaotoka moja kwa moja kwenye betri.

1. Fungua hasi ya betri kwanza. Itakuwa ya mwisho kurudishwa.
2. Fungua taa ya nyuma ya kila upande. Tambua kila waya kwa mita, msaidizi akiwasha indiketa, breki, rivasi na taa ndogo. Kwa upimaji huu rudisha hasi ya betri kwa muda, kisha ifungue tena. Rangi za waya za gari hazilingani na rangi za jedwali hapo juu.
3. Unganisha nyaya za ishara za moduli. Bana kwa teminali au lehemu, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa. Klipu zinazouma waya bila kuuchuna ziache dukani: meno yake hukata nyuzi, na unyevu wa pwani huingia papo hapo.
4. Vuta chanya ya moduli kutoka kwenye betri ukitumia waya wa milimita 2.5, na uweke fyuzi ya ampea 15 ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri.
5. Funga ethi ya moduli na ya pini 3 kwenye chesisi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka teminali, kaza kwa bolti na nati yenye meno, kisha paka grisi juu. Rangi haipitishi umeme. Skrubu iliyopigwa juu ya rangi inashika kwa ncha za uzi wake tu.
6. Pitisha waya juu ya chesisi ndani ya bomba la mikunjo, mbali na ekzosi na shafti, na uufunge kila sentimita 30. Kila tundu la bati litiwe mpira wa kuzuia kukata.
7. Funga soketi juu ya usawa wa bampa, kifuniko kikifunguka kuelekea juu. Ikining'inia chini, mto wa kwanza utakaouvuka utaijaza maji.
8. Pima kila pini kwa ile balbu ya wati 21, waya mmoja kwenye pini, mwingine kwenye pini 3, wala si kwenye bodi. Ukipima kwa bodi hujaipima ethi yako.

## Kazi ya pili: nguvu

Hapa hesabu kidogo itakuokolea pesa. Kutoka betri ya pikapu mpaka betri ya karavani chukulia mita 12. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo waya ni mita 24. Shaba ya milimita 2.5 kwa urefu huo ina ukinzani wa karibu omu 0.17. Jokofu likivuta ampea 10, unapoteza volti 1.7 njiani. Altaneta inatoa 14.2, jokofu linapata 12.5. Ukitaka kuchaji kwa ampea 20, unapoteza zaidi ya volti 3, na betri ya karavani haitajaa kamwe hata ukiendesha kutoka Mombasa hadi Kampala.

Waya wa milimita 16, umbali ule ule, ampea 20: unapoteza karibu nusu volti. Hiyo ndiyo sababu nguvu ipite kwenye waya mnene na plagi ya Anderson ya peke yake, huku soketi ya taa ikibaki ya taa.

Relei au chaja? Relei ya kutenganisha betri ni rahisi na ya bei nafuu. Inaunganisha betri mbili volti zikifika karibu 13.3, na kuziachanisha zikishuka karibu 12.8. Inatosha kama altaneta ni ya zamani na betri ya karavani ni ya asidi.

Ukiwa na altaneta inayoongozwa na kompyuta, au betri ya lithiamu, nunua chaja ya betri kwa betri. Inapokea volti zozote zinazofika na kuzipandisha hadi kiwango ambacho betri ya karavani inakitaka. Lithiamu ina sababu yake ya ziada: ikiwa tupu huvuta umeme bila kiasi, na bila chaja ya kuidhibiti, altaneta inaweza kuungua kwenye foleni, injini ikiwa inanguruma polepole na upepo wa kuipoza ukiwa haba.

Chaja ya ampea 25 inatosha wengi. Jokofu la kompresa kwenye joto letu linaweza kula ampea-saa 30 hadi 50 kwa siku. Taa za LED na pampu zikaongeza kidogo. Saa 2 za kuendesha zinarudisha takriban ampea-saa 50. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, karibu kilomita 190, inakupa siku nzima ya jokofu, na chenji juu.

Hatua za kufunga:

1. Fungua hasi ya betri zote mbili, ya pikapu na ya karavani.
2. Funga fyuzi ya ampea 40 karibu na chanya ya betri ya pikapu. Chaja inayotoa ampea 25 kwa volti 14.4 huvuta kama 31 upande wa kuingia, hivyo 40 inaacha nafasi na bado inalinda waya.
3. Vuta chanya na hasi, zote milimita 16, mpaka nyuma. Kama kwenye ncha ya hasi ya betri ya pikapu kuna kidude chenye waya mwembamba, hicho ni kipima betri cha kompyuta. Funga hasi yako kwenye chesisi karibu na hapo, usiifunge juu ya ncha, la sivyo kompyuta haitauona umeme unaouchukua.
4. Funga plagi ya Anderson nyuma, kando ya soketi ya taa, na kifuniko chake cha vumbi.
5. Weka chaja ndani ya karavani, karibu na betri yake. Volti zinazopotea njiani zipotee kabla ya chaja, ili inachotoa kifike kamili. Ipe nafasi ya hewa, inapata joto.
6. Weka fyuzi ya pili karibu na chanya ya betri ya karavani.
7. Kwa altaneta inayoongozwa na kompyuta, peleka waya wa ishara ya ufunguo mpaka kwenye chaja. Kwa volti peke yake haiwezi kujua kama injini inafanya kazi.

> TAHADHARI: WAYA HUU UNA BETRI MBILI
> Watu huweka fyuzi mbele na kuridhika. Waya ukichunika katikati, betri ya karavani nayo inamwaga umeme kwenye chuma kutoka nyuma. Fyuzi ziwe mbili, moja kila mwisho. Kuzima pikapu hakuukati umeme unaotoka karavani.

### Neno kuhusu jokofu

Jokofu la kompresa limetulia. Lilishe kutoka betri ya karavani, basi. Jokofu la njia tatu, linalotumia gesi, umeme wa nyumbani au volti 12, ni mlafi: kwa volti 12 huvuta ampea 10 hadi 15 mfululizo. Kwa volti 12 linatunza baridi iliyopo kuliko kuitengeneza, kwa hiyo lipoze vizuri kabla ya kuondoka. Lipe waya wake wa milimita 6 au zaidi, fyuzi ya ampea 20, na relei inayokata injini ikizimwa. Wakati wa safari gesi ifungwe kwenye mtungi, na uhakikishe hilo tena kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

## Breki za umeme

Karavani nyingi za Ulaya zina breki zinazojikaza zenyewe tela linapoisukuma pikapu, hazihitaji waya. Kama yako ina breki za umeme, inahitaji kidhibiti ndani ya pikapu, waya wake na fyuzi yake. Hapa nashauri uende kwa fundi anayelijua jambo hilo hasa, kwa sababu kuzipima kunahitaji kuendesha na kurekebisha nguvu ya breki hatua kwa hatua. Mteremko wa Kitonga, ukitoka Iringa kuelekea Morogoro, si mahali pa kugundua kwamba breki za nyuma hazishiki.

## Volti 230: usiupeleke kutoka pikapu

Umeme wa nyumbani usipite kati ya pikapu na karavani, hata mkiwa mmesimama. Ukihitaji inveta, ifunge ndani ya karavani karibu na betri, kwa waya mfupi mnene. Inveta ya wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 90 kwenye volti 12. Birika la umeme la wati 2000 lingehitaji mara mbili yake, kwa hiyo chai ichemshwe kwa gesi.

Ukiunganisha karavani kwenye umeme wa kambi au wa nyumba ya ndugu, hakikisha kuna swichi ya usalama inayokata kwa miliampea 30, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kila unapofika. Waya wa kuvutia umeme ukunjuliwe wote. Ukibaki umezungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto na huweza kuyeyuka.

## Kupima njia ya kurudi

Kipimo hiki hakichukui hata dakika 5, na mafundi wengi hawakifanyi. Plagi zote ziwe zimeunganishwa, injini iwe inafanya kazi, chaja au jokofu liwe linavuta.

1. Weka mita kwenye volti. Ncha moja kwenye hasi ya betri ya pikapu, nyingine, kwa waya mrefu, kwenye ncha ya hasi ya kuingilia chaja. Inatakiwa isome chini ya 0.5.
2. Fanya hivyo upande wa chanya: betri ya pikapu hadi chanya ya kuingilia chaja. Chini ya 0.5 pia, au juu yake kidogo kwa sababu ya fyuzi.
3. Kama hasi inasoma zaidi ya chanya, ethi yako ni mbovu. Pima kila kiungo kimoja kimoja. Panaporuka namba ndipo penye kasoro.

## Ukiona hivi, tazama hapa

| Dalili | Pa kuanzia |
|---|---|
| Indiketa ikiwaka, taa nyingine zinapepesa hafifu | Ethi ya pini 3: umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine |
| Indiketa ya pikapu inapepesa haraka | Balbu imekufa, au taa za LED bila moduli |
| Taa zinafifia jokofu likiwaka | Ethi ya taa na ya nguvu zimechanganywa |
| Betri ya karavani haijai | Waya mwembamba, au altaneta ya kompyuta bila chaja |
| Betri ya pikapu inakufa usiku | Relei imenata, au waya wa jokofu haukati |
| Fyuzi inakatika kwenye kona tu | Waya mfupi unavutwa, au mrefu unaburuzwa na kuchunika |

## Kabla ya kuondoka

- [ ] Geuza usukani mpaka mwisho kila upande, nenda polepole: waya usivutike wala usiguse chini
- [ ] Indiketa zote mbili, breki, taa ndogo, rivasi. Mtu asimame nyuma akutajie kila moja
- [ ] Taa ya namba inawaka na namba ya tela inasomeka
- [ ] Pini hazina kutu ya kijani. Zipake vaselini kidogo, hasa ukitokea Tanga, Lamu au popote penye chumvi ya bahari
- [ ] Mnyororo wa usalama au waya wa kukatia breki umefungwa kwenye chuma cha pikapu, si kwenye mpira wa kuvutia
- [ ] Gesi imefungwa
- [ ] Fyuzi za akiba za kila ukubwa, balbu mbili na tepu viko kwenye dashibodi, visikae ndani ya karavani iliyofungwa kufuli

Baada ya kilomita 20 za kwanza simama mahali pazuri, uguse plagi ya Anderson, vishikio vya fyuzi na kila teminali unayoifikia. Uvuguvugu ni kawaida. Kiungo kinachokufanya uondoe mkono kimebanwa vibaya: chomoa plagi ya nguvu, acha ya taa, na uendelee mpaka utakapopata mahali pa kukibana upya.